HEINRICH HERTZ, MTU ALIYEFUNUA MAWIMBI YASIYOONEKANA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika somo la fizikia hakuna jina tulitajalo mara nyingi kama hertz, kipimo cha mitetemo. Lakini ni wachache kati yetu wajuao kwamba jina hilo lilikuwa la mtu, tena mtu aliyefariki kabla ya kutimiza miaka 37.

Heinrich Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari, 1857, katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mtoto huyo alipenda vitabu na kazi za mikono pia. Alijifunza useremala na ukerezaji, na tena akajifunza Kiarabu. Watu wa namna hiyo ni adimu, maana wengi wetu tukishika kalamu huona haya kushika randa.

Kwanza alitaka kuwa mhandisi, lakini moyo wake ulivutwa na elimu ya maumbile. Mwaka 1878 akaenda Berlin kusoma kwa Profesa Helmholtz, na mwaka 1880 akapata shahada ya udaktari. Mwaka 1885 akawa profesa katika mji wa Karlsruhe, na mwaka uliofuata akamwoa Elisabeth Doll.

Wakati huo mtaalamu wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa hesabu kwamba umeme na sumaku huweza kusafiri angani kama mawimbi, kwa mwendo ule ule wa nuru. Hesabu zilikuwa nzuri, lakini hapakuwa na mtu aliyewahi kuyashika mawimbi hayo. Hertz ndiye aliyeyashika. Kati ya 1886 na 1888 alitengeneza chombo cha kurusha cheche za umeme, na mbali kidogo akaweka pete ya waya yenye mwanya mwembamba. Kila cheche ziliporuka huku, vicheche vidogo mno vilionekana kule katika mwanya, ingawa hapakuwa na waya wa kuunganisha vyombo hivyo viwili. Ilimlazimu kukaa gizani ili avione.

Hakuishia hapo. Aliweka bati la zinki mbele ya mawimbi, akaona kwamba yanarudi, kama sauti irudivyo kutoka mlimani. Akatengeneza mche mkubwa wa lami ngumu, akaona kwamba yanapinda kama nuru. Basi ikathibitika kwamba Maxwell alisema kweli.

Mwaka 1889 alihamia chuo kikuu cha Bonn. Hapo ndipo maradhi yalipomshika. Alipasuliwa mara kadhaa bila kupona, lakini hakuacha kuandika. Alifariki tarehe 1 Januari, 1894, akamwacha mjane na mabinti wawili wadogo. Miaka ya 1930, utawala wa Wanazi ulipowatesa watu wa asili ya Kiyahudi, asili ya baba yake Hertz, mjane huyo na binti zake waliihama Ujerumani wakaenda Uingereza.

Pengine msomaji atauliza, je, vicheche vile vilimfaa nani? Marehemu hakuona faida yake, lakini walimwengu waliiona. Mwaka 1901 Marconi alipeleka ishara kuvuka bahari ya Atlantiki bila waya. Mwaka 1904 Mjerumani mmoja, Christian Hülsmeyer, alitumia mawimbi yanayorudi kugundua meli zilizo mbali. Huo ndio mwanzo wa rada.

Siku hizi rada imepandishwa angani. Setilaiti huruka mamia ya kilomita juu yetu, ikirusha mawimbi chini na kuyapokea yanaporudi. Mawingu hayaizuii, wala usiku hauizuii. Ikipita mahali pale pale siku nyingine, wataalamu hulinganisha mawimbi ya siku hizo mbili. Kama ardhi imeinuka au imedidimia, wimbi huwahi kidogo au huchelewa kidogo. Kwa kuwa wimbi lenyewe lina urefu wa sentimita chache tu, hata badiliko la sentimita moja hujulikana.

Setilaiti iitwayo ERS-1, iliyorushwa mwaka 1991, ilionyesha jinsi ardhi ya California ilivyosogea katika tetemeko la Juni 1992. Hata kwetu Afrika ya Mashariki kazi hiyo imefanyika. Rada ilionyesha kwamba Mlima Longonot, karibu na Naivasha, uliinuka kiasi cha sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Mchungaji apitaye hapo kila siku na ng'ombe wake asingeweza kuliona jambo hilo. Na mwaka 2007, ardhi ilipotetemeka karibu na Mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, rada ilionyesha kwamba mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yakijipenyeza chini kwa chini. Watu wakaao mabondeni wana haja kubwa ya habari kama hizo, maana mlima wa moto haupigi hodi.

Wanafunzi wenzangu, tusidharau jaribio dogo la maabara kwa sababu faida yake haionekani leo. Aliyepanda mbegu hii hakula matunda yake. Sisi ndio tunaoyala. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.