Tessema, mwanasoka wa Addis Ababa aliyeijengea Afrika ngazi ya kabumbu

Kijana anayesakata kabumbu kwenye uwanja wa shule huko Rongai, Kaunti ya Nakuru, huenda hajawahi kulisikia jina la Yidnekatchew Tessema. Hata hivyo, ngazi anayoota kuipanda, kutoka ligi ya mashinani hadi ligi kuu ya taifa, kisha mashindano ya klabu barani na hatimaye Kombe la Dunia, haikuwa na vipandio vya juu kabla ya raia huyo wa Ethiopia na wenzake kuvichonga.

Wakazi wa Nakuru wana sababu ya kulielewa jambo hilo kuliko wengine. Ligi ya kitaifa ya Kenya ilipoanzishwa mwaka wa 1963, ubingwa wa kwanza haukwenda Nairobi wala Mombasa, bali ulitwaliwa na Nakuru All Stars. Mabingwa hao walisherehekea, kisha safari yao ikakomea hapo. Kombe la klabu bingwa barani Afrika lilikuwa bado halijaanza, na Afrika haikuwa na nafasi yake yenyewe katika fainali za dunia.

Tessema alizaliwa Septemba 11, 1921, mjini Jimma, kusini magharibi mwa Ethiopia. Babake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwimbaji mashuhuri ambaye sauti yake ilirekodiwa kwenye santuri nchini Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwana hakuufuata wimbo, aliufuata mpira. Alijiunga na klabu ya Saint George ya Addis Ababa, iliyoundwa mwaka wa 1935, akaichezea kwa zaidi ya miaka 20.

Ujana wake ulikumbana na uvamizi wa Italia. Kuanzia 1936 hadi 1941 utawala wa Kifashisti uliwatenga wenyeji na Wazungu hata viwanjani, wenyeji wakicheza peke yao na chini ya usimamizi wa mgeni. Ni vigumu kuuelewa msimamo wake wa baadaye kuhusu Afrika Kusini bila kukumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepigia mpira upande ule mwingine wa mstari wa rangi.

Baada ya ukombozi, Tessema alikuwa miongoni mwa vijana waliolijenga shirikisho la soka la nchi yao, lililoundwa mwaka wa 1943. Mwanzo wake ulikuwa wa mashinani hasa. Ubingwa wa kwanza, mwaka wa 1944, ulishindaniwa na timu za jamii zilizoishi Addis Ababa: Saint George ya Waethiopia, timu ya Waarmenia, ya Wagiriki, ya Waitaliano waliosalia, na ya wanajeshi wa Uingereza. Kombe lilichukuliwa na Waingereza. Tessema alikuwa mchezaji na msimamizi kwa wakati mmoja, jambo ambalo leo lingezua malalamiko, lakini siku hizo watu walikuwa wachache na kazi ilikuwa nyingi.

Februari 1957, wajumbe wa Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini walikutana Khartoum kulizindua Shirikisho la Soka Afrika (CAF), na Tessema akawa mmoja wa waasisi. Mtihani ulifika kabla wino haujakauka. Afrika Kusini ilipangiwa kucheza na Ethiopia katika Kombe la Mataifa la kwanza, lakini wakuu wake wakashikilia kuleta ama timu ya wazungu watupu au ya weusi watupu. Timu mseto hawakuitaka. Wenzao watatu wakakataa, na Afrika Kusini ikaachwa nje. Ethiopia ikaingia fainali bila kutoa jasho, kisha ikachapwa na Misri 4-0.

Kisasi kilipatikana Januari 1962 jijini Addis Ababa, Tessema akiwa kocha wa timu ya taifa. Mashindano yalikuwa ya mataifa manne tu, Uganda ikiwa miongoni mwao. Katika fainali Misri walitangulia mara mbili, na mara mbili Ethiopia wakasawazisha, kabla ya kufunga mabao mengine mawili katika muda wa ziada na kushinda 4-2. Nahodha Luciano Vassallo alikabidhiwa kombe na Mfalme Haile Selassie. Ethiopia haijalitwaa tena tangu siku hiyo.

Kocha mwingine angeridhika na kombe. Tessema aliugeukia ugomvi mkubwa zaidi. FIFA ilikuwa imeamua kwamba bingwa wa kanda ya Afrika, kabla ya kwenda Uingereza kwa fainali za 1966, lazima amenyane na mshindi wa Asia kuwania nafasi moja. Mataifa ya Afrika yalijiondoa kwa pamoja, yeye na Ohene Djan wa Ghana wakiwa mstari wa mbele. FIFA iliwatoza faini. Lakini kwa fainali za 1970 Afrika ilipewa nafasi yake yenyewe, na Morocco ikaenda Mexico. Leo, wakati bara hili limetengewa nafasi tisa za moja kwa moja katika Kombe la Dunia la 2026, ni rahisi kusahau kwamba ile ya kwanza ilipatikana kwa mgomo.

Alichaguliwa rais wa CAF mwaka wa 1972, mwaka uleule Harambee Stars walipoingia fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Cameroon. Walipoteza kwa wenyeji 2-1, wakatoka sare na Mali na Togo, wakarudi nyumbani.

Miaka 15 ya uongozi wake ilikuwa ya kusukuma milango. Mwaka wa 1974 kura za Afrika zilisaidia kumwangusha Sir Stanley Rous, rais wa FIFA aliyeonekana kuilinda Afrika Kusini, na kumtawaza João Havelange wa Brazil. Julai 1976, mjini Montreal, FIFA iliifukuza Afrika Kusini. Kombe la Washindi barani lilianza 1975, na mashindano ya vijana yakafuata mwishoni mwa muongo huo. Nyumbani kwao mfalme alipinduliwa mwaka wa 1974 na wanajeshi wakashika hatamu, lakini Tessema alibaki kitini. Si watumishi wengi wa enzi ya mfalme waliobahatika hivyo.

Si kila alichokitetea kiliwafurahisha watu. Tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila taifa liliruhusiwa kuwatumia wachezaji wawili tu wa klabu za ng'ambo katika fainali za Afrika. Tessema aliogopa kwamba Ulaya ingelifyonza bara hili wanasoka wake jinsi ilivyolifyonza mali ghafi, na viwanja vya nyumbani vibaki vitupu. Alikataa pia fedha za kampuni za sigara na pombe, wakati mashirikisho mengi yalikuwa hohehahe. Kwa mchezaji aliyetaka kuilisha familia yake kwa mguu wake, sheria ile ilikuwa kali mno. Lakini hofu yake haikuwa ya bure: mwaka wa 2009 CAF yenyewe ilianzisha CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, ambayo Kenya iliyaandaa pamoja na Tanzania na Uganda mwaka wa 2025.

Saratani ilimwua Agosti 19, 1987, akiwa na umri wa miaka 65. Wiki moja kabla, Kenya ilikuwa imepoteza fainali ya soka ya Michezo ya Afrika kwa Misri uwanjani Kasarani. Desemba mwaka huo, katika uwanja huohuo, Gor Mahia walilitwaa Kombe la Washindi mbele ya Esperance ya Tunisia, ambalo ni moja ya makombe yaliyozaliwa wakati wa uongozi wake.

Afrika Kusini ilirejeshwa mwaka wa 1992, ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukiporomoka. Fainali za Afrika za 1996 zilikuwa zimetunukiwa Kenya, lakini Kenya ikapokonywa kwa kukosa maandalizi, na Afrika Kusini ikazichukua. Iliishinda Tunisia 2-0 katika fainali. Timu ilikuwa ya weusi na weupe, na nahodha wake mzungu, Neil Tovey, aliinua kombe huku Nelson Mandela akiwa amesimama kando yake.