Daktari Grzimek na Fedha za Watazamaji

Mtu atokaye Karatu kwenda Ngorongoro, akiisha kulipita lango na kupanda ule msitu wa baridi, huona ukingoni mwa kreta mnara wa mawe. Hapo wamelala baba na mwana. Wengi wetu twaijua habari ya filamu yao. Ni wachache wajuao kwamba sehemu kubwa ya kazi ya baba ilikuwa kuomba fedha na kuzigawa.

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, ambao leo uko Polandi. Alisomea udaktari wa mifugo. Mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyobomolewa na mabomu, akaiongoza hadi 1974.

Mwaka 1956 yeye na mwanawe Michael walitoa filamu juu ya wanyama wa Kongo wanaokosa mahali pa kuishi. Ikaleta faida nzuri, nao wakaazimu kununua ardhi ya kuongeza Hifadhi ya Serengeti. Lakini Mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika, Bwana Peter Molloy, akawashauri vingine. Mipaka ilikuwa karibu kubadilishwa, wala hakuna aliyejua wanyama ni wangapi na huhama kwa njia zipi. Afadhali fedha zile zitumike kuwahesabu.

Hapo ndipo ninapompendea mzee huyu. Mimi niliwahi kutunza hazina ya mfuko mdogo wa kusaidia shule, nikamwona mfadhili aliyetuletea mipira wakati tuliomba madawati. Tulipomweleza, alinuna. Grzimek hakununa. Baba na mwana wakajifunza urubani, na mwezi Desemba 1957 wakaondoka Frankfurt kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Walihesabu wanyama wakubwa 366,980.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael aliruka peke yake. Tumbusi akaligonga bawa la ndege, nayo ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Baba alimzika ukingoni mwa kreta, akaimalizia filamu yao ya Serengeti, ambayo mwaka 1960 ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani.

Tangu 1956 Grzimek alikuwa pia na kipindi katika televisheni ya Ujerumani. Alikuja na mnyama hai, akamweka mezani, akaongea taratibu kama mwalimu wa darasa la nne. Kisha aliwaomba watazamaji wachange. Watu wa kawaida walituma walichonacho, naye kupitia shirika la wanyama la Frankfurt akapeleka magari, ndege na vifaa vya askari wa wanyamapori. Serengeti ilijengwa maabara ya utafiti yenye jina la Michael.

Si haki kuuficha upande wa pili. Grzimek aliamini kwamba hifadhi haifai kukaliwa na watu, hata wenyeji wake. Wamaasai waliondolewa Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe eneo ambamo wao na mifugo yao wangeruhusiwa kuishi. Yeye hakuupenda mgawanyo huo. Mtu aliyemsikiliza vizuri mkurugenzi hakuwa na sikio lilelile kwa mfugaji, ingawa mfugaji naye alijua nyumbu hupita wapi na mwezi gani. Ubishi huo haujaisha: tangu 2022 familia kadhaa za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na majirani zetu hawasemi kwa kauli moja juu ya jambo hili.

Grzimek alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, akiwa na miaka 77, alipokuwa akitazama wanyama wa sarakasi. Majivu yake yaliletwa huku juu, yakazikwa kando ya Michael.