Elijah Masinde: Adui wa Misheni Aliyefungiwa Lamu

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilimleta Lamu mahabusi kutoka bara, Mbukusu wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Jina lake Elijah Masinde. Kwao, na kwa jirani zao Wakabras wa upande wa Malava, jina hilo lilikuwa limewanyima usingizi mapadri na mabwana shauri.

Kuufahamu ugomvi wake yafaa kutazama jinsi shule zilivyoingia huko. Wakwekeri wa Kimarekani walifungua misheni Kaimosi mwaka 1902, kisha wakapanda kaskazini hata Malava katika Kabras, na Lugulu kwa Wabukusu. Wakatoliki nao wakashika Mumias, na baadaye Kibabii. Elimu karibu yote iliachiwa wao. Mtoto aliyetaka kujua kusoma alipewa herufi pamoja na ubatizo na jina jipya, na matambiko ya babu zake akaambiwa ni ya shetani. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa zaidi, kwani hofu kama hiyo ndiyo iliyowafanya wazee wengi wa Kiislamu wasite kupeleka watoto skuli za misheni.

Masinde mwenyewe alilelewa na misheni. Alizaliwa karibu mwaka 1910, akawa muumini wa Kwekeri, na mchezaji hodari wa kandanda aliyeichezea Kenya katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Alipooa mke wa pili, kanisa likamtenga. Mapema miaka ya 1940 akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, akiwataka watu wamrudie Mungu wa wazee wao na Wazungu warudi kwao. Serikali ikamwita mwendawazimu: mwaka 1945 alitiwa Mathari, akatoka 1947.

Februari 1948 wafuasi wake walikwenda Kibabii kuwataka mapadri wahame. Siku chache baadaye polisi walifyatua risasi Malakisi, wakafa watu 11. Masinde akakamatwa mwezi huo huo. Dini yake ilipigwa marufuku, lakini iliendelea kwa siri, hata Kabras, na makanisa na shule kadhaa za misheni zikachomwa moto. Hapo simtetei mtu: shule ikiungua, anayekosa pa kukaa ni mtoto wa mwenyeji.

Ajabu ni mji aliopelekwa. Lamu ilikuwa na Riyadha, ambako Habib Swaleh, aliyefariki 1935, alikuwa amewafungulia mlango wa elimu hata watoto wa wanyonge, na wala hakuna aliyetakiwa kumkana babake ili asome.

Masinde alirudi kwao uhuru ulipokaribia, lakini hakupata raha. Mwaka 1968 Serikali ya Kenya huru iliipiga marufuku tena Dini ya Msambwa, naye akaonja jela tena. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu iliyoziondoa shule mikononi mwa makanisa, yakabaki wadhamini tu. Alifariki mwaka 1987.