Mzee wa Kora Aliyewafungulia Simba Vizimba

Watoto wa shule za Homa Bay na Migori wakitaka kumwona simba kwa karibu, aghalabu hupelekwa Kisumu, katika hifadhi ya Impala iliyo kando ya ziwa. Mbuga yao ya Ruma, bondeni Lambwe, sifa yake ni swala aina ya korongo, si simba. Huko Kisumu simba, chui na duma hukaa nyuma ya nyavu za chuma, na mtoto aliyezoea kusikia habari za sibuor katika hadithi za bibi yake humwona akipiga miayo saa sita za mchana. Wengine hufurahi, wengine humwonea huruma.

Mtu aliyeichukua huruma hiyo akaifanya kazi ya maisha yake ni marehemu George Adamson, ambaye wengi walimjua kwa jina la Baba ya Simba.

Bwana Adamson alizaliwa India mwaka 1906, akafika Kenya mwaka 1924 kufanya kazi katika shamba la kahawa la baba yake. Shamba halikumkalia rohoni. Alijaribu biashara ya mbuzi, akawaongoza wawindaji, akachimba dhahabu Kakamega, kazi ambayo watu wa Macalder huko Migori wanaijua taabu yake. Hakutajirika. Mwaka 1938 aliingia idara ya wanyama wa porini, na makao yake yakawa Isiolo. Mwaka 1944 alimwoa Bi. Joy.

Mwezi wa Februari 1956, akiwa katika msako wa simba mla watu, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Kumbe alikuwa mzazi. Watoto wake watatu walipatikana katika ufa wa mwamba, nao wakalelewa nyumbani Isiolo. Walipokua, wawili walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alibaki, akafundishwa kuwinda, kisha akaachiliwa Meru. Mwishoni mwa 1959 akazaa porini. Alikufa Januari 1961 kwa maradhi yaletwayo na kupe. Kitabu cha Bi. Joy, Born Free, kilichotoka mwaka 1960, kililifanya jina la Elsa lijulikane dunia nzima. Majina ya wale dada zake wawili wa Rotterdam ni wachache wanaoyakumbuka.

Filamu ya kitabu hicho ilipopigwa hapa Kenya, simba kadhaa walitumiwa. Kazi ilipokwisha, wengi wao walipelekwa katika bustani za ng'ambo. Hebu fikiri, msomaji: filamu ya kusifu uhuru, na waigizaji wake wanaishia kifungoni! Adamson aliomba sana apewe, akapata watatu tu, Boy, Girl na Ugas, akaenda nao Meru.

Hapa ndipo penye ubishi, na si haki kuuficha. Simba aliyezoea watu hawaogopi watu. Mwaka 1969 Boy alimjeruhi mtoto mdogo wa mkuu wa mbuga ya Meru, na kazi ya Adamson huko ikasimamishwa. Mwaka 1970 alihamia Kora, nyika kavu kando ya mto Tana. Mwaka uliofuata Boy alimuua mmoja wa wafanyakazi wa kambi, na Adamson mwenyewe akampiga risasi simba huyo aliyempenda. Baadaye hata ndugu yake, Terence, aliyekuwa akikata barabara za Kora, aliraruliwa na simba. Waliosema kwamba mzee anacheza na roho za watu hawakusema upuuzi.

Lakini hakuacha. Alimpokea hata Christian, simba aliyenunuliwa katika duka la Harrods, London, mwaka 1969. Mnyama wa mjini, asiyejua mwiba wala kiu, alijifunza kuwinda Kora, na hatimaye akaenda zake asionekane tena. Kwa Adamson huo ulikuwa ushindi. Katika kambi hiyo waliozungushiwa wavu ni watu. Simba walikuwa nje.

Bi. Joy aliuawa Shaba Januari 1980. Terence alifariki mwaka 1986. Mzee akabaki, nywele nyeupe, kiko mdomoni, huku majangili na majambazi wenye bunduki wakizidi kuzagaa nyikani.

Tarehe 20 Agosti 1989 majambazi walilivamia gari lililombeba mgeni wa kambi. Adamson alisikia milio ya risasi, akaingia garini na watu wake, akawaendea moja kwa moja. Aliuawa papo hapo pamoja na wasaidizi wake wawili. Alikuwa na umri wa miaka 83. Alizikwa Kora, karibu na Terence na karibu na kaburi la Boy.