Michael Grzimek na Mpaka wa Nyumbu
Ukitoka Karatu kupanda Ngorongoro, ukingoni mwa kreta utakuta kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1934. Nyumbu dume hulinda kipande chake cha nyasi, lakini makundi yakihama hayajui mpaka wa binadamu. Michael na baba yake, Bernhard, waliyafuata kwa ndege yenye milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama ili mipaka ya Serengeti ifuate njia zao. Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tumbusi, Michael akafariki akiwa na miaka 24. Mwaka huo Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa Serengeti wakahamishiwa huko: mpaka wa kumlinda nyumbu ukamwondoa mtu. Baba alifariki mwaka 1987. Majivu yake yalizikwa kando ya mwanawe. Ndugu msomaji, sisi tunaogombea mpaka wa shamba tutaishia kwenye kipande kama hicho.