Fundi Konde: Askari Aliyebeba Gitaa

Ndugu msomaji, tukifundishwa habari za Vita Vikuu vya Pili sisi huhesabu mizinga, vifaru na majenerali. Mimi leo nataka nikusimulie juu ya mtu aliyekwenda vitani na gitaa. Naye si mwingine ila marehemu Mzee Fundi Konde.

Alizaliwa mwaka 1924 huko pwani, katika nchi ya Wagiriama. Mwaka 1944, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, aliingia kikosi cha burudani cha jeshi la KAR. Mkubwa wao alikuwa Mwingereza, Peter Colmore. Kazi yao ilikuwa kuwatumbuiza askari Waafrika waliokuwa mbali na kwao. Walifika India, Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka, na hata Burma.

Burma haikuwa mchezo! Mwaka huo huo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inapambana na Wajapani katika bonde la Kabaw, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Mvua ilinyesha ovyo, magari yakazama matopeni, na malaria ikawalaza watu. Askari wenyewe walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na hata Nyasaland. Hebu fikiria Mkamba, Mluo na Mnyamwezi katika hema moja, kila mtu na lugha ya mamake. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Ofisa aliweza kuwaamuru watembee, lakini kuwaondolea upweke hakuweza. Hiyo ilikuwa kazi ya wanamuziki.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Askari wazungu walitengewa mashamba hapa Kenya, wenzao Waafrika wakarudi mikono mitupu. Hapa kwetu, kuanzia Ruiru mpaka Thika, mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yalibaki ya walowezi. Lakini muziki hakuna aliyewanyang'anya.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini Fundi Konde alitunzwa kwanza ugenini, ndipo nyumbani wakamjua. Kuanzia mwaka 1947 alirekodi nyimbo nyingi za Kiswahili, na Tausi ndio uliovuma zaidi. Tena ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Miaka ya 1990 nyimbo zake za zamani zilikusanywa na kutolewa upya. Nyanyangu hapa Ruiru akisikia Tausi redioni, huacha mboga jikoni akaja kusikiliza.

Alifariki mwaka 2000, sisi wa kidato cha tatu tukiwa hatujazaliwa. Watu wengine husema ati mpiga gitaa ni mvivu tu. Mimi nawauliza: je, yule aliyewapa moyo watu waliokuwa wakifa porini, wakipigania ufalme usiowapa hata shamba, naye alikuwa mvivu? Kwangu yeye ni shujaa kamili.

Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi.