Maisha ya Joseph Szydlowski, Fundi wa Moteri za Helikopta

Sisi wa Bukavu tulizoea kwa miaka mingi kuona helikopta za Umoja wa Mataifa zikitoka Kavumu. Lakini ni wachache wanaojua nani alifungua njia ya moteri za namna ile.

Joseph Szydlowski alizaliwa Polandi mwaka 1896, katika jamaa ya Kiyahudi. Alitumika Ujerumani, halafu akahamia Ufaransa. Mwaka 1938 akaanzisha kiwanda cha Turbomeca. Vita ilipofika mwaka 1940, akahamisha kazi kusini, karibu na milima ya Pyrénées, na baadaye huko Bordes. Mwaka 1942 Wajerumani wakaingia na kule pia. Ilimbidi akimbilie Uswisi, maana Wayahudi walikuwa wanauawa. Baada ya hatari kupita akarudi, akaanza tena.

Kazi yake ikazaa moteri ya turbini inayoitwa Artouste. Tarehe 12 Machi 1955 helikopta Alouette II iliruka nayo. Ndiyo helikopta ya kwanza ya turbini iliyotengenezwa kwa wingi.

Sasa, turbini haiwashwi ovyo. Kwanza batri inazungusha moteri mpaka hewa ya kutosha iingie. Ndipo mafuta yanapulizwa ndani na cheche inayawasha. Rubani hatoi macho kwenye kipimo cha joto: likipanda mno, anakata mafuta palepale, ama sivyo turbini itaungua. Katika Alouette, moteri iliwaka peke yake kwanza. Ilipozunguka vizuri ndipo ilishikana na mapanga ya juu.

Tarehe 21 Juni 1972, rubani Jean Boulet alipanda na helikopta Lama, yenye moteri ya ukoo huo wa Artouste, mpaka mita 12,442. Kule kwenye baridi kali, alipopunguza nguvu, moteri ikazimika, isiwake tena. Kumbe mapanga yanaweza kuzungushwa na hewa ya kushuka tu! Boulet akatelemka hivyo mpaka chini, akatua mzima.

Szydlowski alikufa mwaka 1988. Wenzangu, sisi ambao vita imetufungia madarasa zaidi ya mara moja tunaweza kumwelewa mzee huyu. Kazi yake ilizimwa, akaiwasha upya, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.